Zege la Inchi Saba

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa mama watoto yuko kwa dada yake. Leo kapiga simu. Nikadhani kanikumbuka. Wapi! Kauliza kama zege limetoka uani. Nikasema kazi inaendelea. Kauliza inaendelea wapi, maana kaka yake alipita jana akanikuta nimeweka kiti juu ya hilo zege, nasoma gazeti. Kasema atarudi siku udongo utakapoonekana. Si kabla.

Daftari halina mdomo, niandike ukweli. Zege hilo nililimwaga mimi mwaka jana, siku tatu alizokwenda msibani. Maegesho ya gari. Gari sijanunua, lakini maegesho ninayo. Chini yake ilikuwa bustani yake: nyanya, bilinganya, na shina la mchaichai alilopewa na marehemu mama yake. Aliporudi alikuta kimche kimoja cha mchaichai kimechomoza pembeni. Akaking'oa, akakipanda kwenye kopo la rangi, na mwaka mzima hakulisema. Mwezi uliopita aliondoka na kopo lile mkononi. Nguo alizirudia baadaye.

Kaka yake, shemeji yangu, ni fundi ujenzi. Namwita Kipimo, hatembei bila futi mfukoni. Siku ya kumwaga zege alinishauri inchi tatu zinatosha, tena bila nondo. Nikaweka saba, na nondo tele, ajue nyumba hii ina mwenyewe. Leo anajitolea kuja kulivunja na mashine yake. Bure! Nimekataa. Afadhali nilitafune.

Nitanunua mashine yangu.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji ni mama wa makamo, miwani juu ya kilemba. Nilimjulisha mapema kwamba nimekuwa mtunza stoo miaka ishirini na mbili, vifaa navijua. Sijavitumia, lakini nimevigawa.

Kauliza nitavunja zege mara ngapi kwa mwaka. Nikasema mara moja, labda mbili. Akasema basi nikodi, nirudishe, nilale. Kukodi! Mimi? Akaona uso wangu, akanionyesha ndogo ya kilo kumi na tano. Eti kazi za nyumbani na bustani hazihitaji zaidi: unaibeba mwenyewe, umeme wa nyumba unaimudu, mikono haifi ganzi. Nikamwambia mbona nyembamba. Akajibu wembamba wa reli, treni inapita.

Sasa, Kipimo ana hiyo hiyo ya kilo kumi na tano. Nikauliza ile kubwa kule nyuma. Kilo thelathini. Kasema ni ya watu wa barabara. Nikamwambia nyumba yangu iko kando ya barabara. Akauliza nyaya za nyumba zitaiweza? Nikamjibu nyumba nimeijenga mwenyewe. Akasema ndiyo maana anauliza.

Nimechukua kubwa. Na patasi bapa ya kuchomeka mbele yake, ile pana. Alitaka nianze na ya ncha, eti ndiyo inayopasua, bapa ni ya kumalizia kingo. Ya ncha inafanana na msumari. Nimeiacha.

Jumatano, 5 Machi

Dereva wa teksi aliishusha mashine getini akakimbia. Toka getini mpaka uani, saa nzima. Nimeikokota juu ya blanketi la mama watoto, lile la maua. Limechanika. Atasahau.

Saa tano nikawasha. Swichi kuu ikaanguka, nyumba nzima kimya. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, muuguzi wa zamu za usiku, akatoka na khanga kichwani akiuliza nani kamzimia feni. Nikaomba radhi, nikawasha tena. Ikaanguka. Mara ya nne nikachomoa friji na feni ya muuguzi. Ikakubali!

Dakika mbili. Lahaula! Mashine ilianza kutembea. Mimi nyuma yake, tumeshikana, mpaka ukuta wa bafu. Nilipopata kuizima mikono ilikuwa imekufa ganzi. Zege limepata mkwaruzo wa upana wa kijiko. Muuguzi akainama, akaukagua, akasema ameshaona magoti ya watoto yenye majeraha makubwa kuliko mkwaruzo huo.

Watu hawana shukrani. Kodi yake sijaipandisha miaka mitatu.

Alhamisi, 6 Machi

Kipimo kasimama nje ya ukuta asubuhi, kichwa tu kinaonekana. Kaniambia nianzie ukingoni, kipande kipate pa kuangukia, nimege kidogo kidogo. Nikamshukuru. Nikaanzia katikati.

Patasi ikazama! Nikashangilia peke yangu. Kumbe imekwenda kunasa kwenye nondo. Nondo zangu mwenyewe! Nikavuta. Nikapachika gongo, nikavuta tena. Kitu kikalia tap. Si zege. Ni mgongo.

Muuguzi kanikuta nimepiga magoti, siinuki. Kanipaka dawa ya kuchua, kanilaza kifudifudi, kaniamuru nisiguse kitu. Mashine bado imesimama wima katikati ya ua, kama mgeni aliyekataa kiti.

Ijumaa, 7 Machi

Kifudifudi.

Mama watoto kapiga simu. Muuguzi kamwambia, mbea yule. Hakuuliza zege. Kauliza mgongo unaniuma upande gani. Kauliza nimekula nini, na nani kapika. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani. Nikamkumbuka ghafla, nikaumia kuliko mgongo. Nikataka kumwambia nilikosa, kwamba mchaichai ule niliuona kabla ya kumwaga, nikamwaga. Nikafungua kinywa.

Nikamwambia mashine yangu ni kilo thelathini.

Akasema sawa. Kisha akasema kesho kaka yake anakuja, na nisibishe.

Jumamosi, 8 Machi

Kipimo kafika saa moja na kimashine chake begani. Begani! Patasi ya ncha, kaanzia ukingoni, anamega, nondo anazikata kwa msumeno. Nilimwelekeza kutoka dirishani, nimelala juu ya mito miwili. Hakusikia hata neno, kumbe kaziba masikio kwa pamba.

Saa saba mchana zege lote limekuwa rundo la kifusi ukutani. Na chini yake udongo. Mweusi, una unyevu, una minyoo. Sikudhani ungekuwa bado hai. Nikaacha kuelekeza, nikatazama.

Kisha Kipimo akatoa kopo la rangi kwenye mfuko wake. Mama watoto kalituma. Mchaichai upandwe ile kona yake ya zamani, karibu na mlango wa jikoni. Atakuja Jumatatu saa nne asubuhi. Akiukuta ardhini, anarudisha nguo kabatini.

Kipimo alitaka kuupanda pale pale. Nikakataa. Hilo ni jukumu la mume. Akanitazama, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu mimi ni mgongo.

Jumapili, 9 Machi

Mgongo afadhali. Asubuhi nimetoka na jembe na kopo, nia safi kabisa. Mungu shahidi.

Mawingu! Mazito, yanakuja. Na mashine yangu iko nje. Mashine ya umeme hainyeshewi, hata mtoto anajua. Ndani haiwezi kukaa, mama watoto hatakubali, na mimi namheshimu. Kwa hiyo inahitaji kibanda. Kibanda kinahitaji sakafu, maana kilo thelathini juu ya udongo laini zitadidimia. Na mahali penye kivuli cha paa, karibu na soketi, ni pale tu: kona ya mlango wa jikoni.

Si bustani yote. Kona tu! Nyingine yote nimemwachia.

Stoo kulikuwa na mifuko miwili ya saruji. Kifusi cha Kipimo kimefaa sana kwa msingi, na nondo zake nimezilaza juu. Nimekoroga nikiwa nimekaa juu ya ndoo, kwa ajili ya mgongo. Muuguzi alirudi kutoka zamu, akasimama, akaangalia, akauliza kama mama watoto anajua. Nikamwambia ndiyo raha yenyewe, ashangae. Akaingia chumbani kwake bila kuniaga.

Inchi nane safari hii. Saba zilivunjika.

Kopo nimelitua pembeni, juu ya tofali, lisije likaganda kwenye zege. Mchaichai wenyewe umeshazoea kopo.

Anafika kesho saa nne. Zege litakuwa limekauka.