Chupa Saba za Dokta Koti

Dokta Koti hakuwa daktari wa kitu chochote, lakini koti lenyewe lilikuwa la kweli. Alilinunua kwa muuza nyama aliyestaafu, na ndiyo maana kila mbwa wa mjini alimfuata. Yeye aliamini wanafuata kipaji.

Asubuhi hiyo alikuwa akitembea na kiatu kilichoachama soli, akiwaza usafiri, alipomwona mbwa wa kahawia langoni kwa mama mmoja, fundi cherehani mstaafu. Mbwa alijikuna, akajiuma kiunoni, akazunguka, akajikuna tena. Juu ya mkia hakubakiwa na manyoya. Na nyuma yake, barazani, baiskeli ya marehemu mume wa fundi ilikuwa imeegemea ukuta, inang'aa kama imetoka dukani jana.

"Hodi, mama! Mgonjwa huyu ana siku ngapi?"

"Karibu, mwanangu. Wiki ya tatu hii. Hatulali."

Dokta Koti alichutama, akafunua manyoya kwa vidole viwili, akaguna kama wanavyoguna watu waliosoma.

"Mzio, mama. Si lazima viroboto wawe wengi. Mmoja tu akimuuma, mate yake yanatosha kumwasha siku kadhaa."

Hayo yalikuwa kweli tupu. Aliyasoma kwenye bango la daktari wa mifugo, siku alipojibanza pale kukwepa mvua. Uongo ulianzia kwenye chupa: chai baridi, chumvi, na jani moja la kuelea, kwa ajili ya heshima.

"Chupa moja kwa siku, siku saba. Pesa sitaki. Ila naona hiyo baiskeli imekaa tu..."

Fundi alimtazama juu ya miwani. "Mbwa akipona kwa dawa yako, ichukue. Lakini nieleze, daktari. Hao viroboto, mayai yao yako wapi?"

Mwingine angesema hajui. Dokta Koti hakuwahi kusema hajui tangu azaliwe.

"Kwenye zulia, matandiko, nyufa za sakafu, chini ya makochi."

"Maskini mimi! Macho haya hata uzi hayatungi. Nitayajuaje mayai ya kiroboto? Anayeyajua ni wewe."

Ndivyo daktari alivyovua koti. Siku ya kwanza alisogeza makochi na kufagia nyufa zote akiwa amepiga magoti. Siku ya pili alifua mablanketi kwa maji ya moto mpaka vidole vikajikunja. Ya tatu alipiga zulia, ya nne akamwogesha mbwa na kumpitishia chanuo lenye meno ya karibu karibu.

"Daktari, hapo kwenye kona umeruka," fundi alimwambia kutoka kitini.

Kila jioni alikabidhi chupa, akapiga kengele ya baiskeli mara moja, akaenda zake kwa miguu.

Siku ya saba mbwa alikuwa amelala kibarazani, kanyoosha miguu yote minne, wala hajikuni. Dokta Koti alishika usukani.

"Taratibu, mwanangu. Kwanza njoo jikoni."

Kabatini chupa zake sita zilikuwa zimepangwa mstari, zimejaa hadi shingoni. Kando yake palikuwa na kiboksi kidogo.

"Haya matone nilipewa na daktari wa mifugo siku moja kabla hujaja. Unamdondoshea nyuma ya shingo, basi. Akaniambia peke yake hayatoshi, nyumba nzima isafishwe. Nikakaa langoni na mgongo wangu huu, najiuliza nitampata wapi mtu."

"Mama, umenichezea!"

"Nilisema akipona kwa dawa yako. Ukibisha, tubebe chupa moja twende kwa huyo daktari akaipime."

Katika miaka yote ya udaktari wake, Dokta Koti hakuwahi kukubali kupimwa. Aliinama kuchukua koti, na palepale akajikuna mguu.

"Vipi tena, mwanangu?"

"Vumbi tu, mama."

Fundi akamtilia chupa zote mifukoni mwa koti, na ile ya saba aliyokuja nayo juu yake. "Chukua. Ulisema moja kwa siku."

Alipokata kona, Dokta Koti aliketi juu ya jiwe, akakunja suruali. Kifundo cha mguu kilikuwa na madoa mekundu, yamejipanga vizuri kabisa. Akatoa chupa, akaitazama. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi yake kilichomo, mpaka lile jani.

Akaangalia huku na huku.

"Lakini hii ya leo niliipika vizuri," akajiambia, akafungua kizibo.