Sakafu Yenu Haisogei

Kwa Bibi Mkuu wa Maabara ya Kupima Usawa wa Mwili,

Salamu nyingi, na poleni na kazi ya kuwatazama watu wakisimama. Mimi ni Verlyn Halvorsen, miaka hamsini na sita, yule aliyeyumba Jumanne mpaka mashine yenu ikachora mstari kama njia ya kuku aliyekatwa kichwa. Bila cheti chenu, klabu yetu ya mchezo wa magogo hainiruhusu kushindana Jumamosi. Na miaka thelathini na moja nimesimama juu ya gogo linaloelea ziwani, nikilizungusha kwa miguu mpaka mwenzangu aliye upande wa pili aoge. Nalalamika hivi:

1. Sakafu yenu haisogei. Miguu yangu iliisubiri ianze, ikachoka kusubiri, ikaanza yenyewe.

2. Mlinivua viatu vyangu vya misumari ya kushikia gogo, mkanisimamisha juu ya sponji, kisha binti yenu Kirsten akasema, "Fumba macho, mzee, simama kawaida tu." Nani amewahi kusimama kawaida kwa kuamriwa? Na hilo neno "mzee" peke yake lilinisogeza sentimita mbili.

3. Nilipoanza kutulia, akaniambia nihesabu kutoka mia kurudi nyuma, nikitoa saba saba. Bibi, hesabu hiyo ilinishinda nikiwa nimeketi darasani, tena nimeshika dawati.

4. Shemeji yangu Duane amefaulu. Duane, ambaye gogo likimwona tu, yeye yuko majini! Kwenu alisimama kama kigingi. Sasa kila asubuhi mkahawani ananivutia kiti: "Kaa, shemeji, kabla upepo haujaja." Hata kigingi husimama vizuri, lakini sijaona kikivishwa medali.

Kwa hiyo naomba mashine yenu iwekwe ielee ziwani, tupimwe upya. Ikishindikana, andikeni kwenye cheti: "Hafai nchi kavu." Jumamosi sina shughuli nchi kavu.

Wasalimie wote hapo, Kirsten pia, na yule kaka mnene aliyenidaka.

Wako, nisimamaye kadiri niwezavyo,
Verlyn Halvorsen

N.B. Uniwie radhi kwa mwandiko wa hapa chini. Ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta ngumu tangu jana. Nilikuwa jikoni, macho wazi, sihesabu chochote, nimeinua mguu mmoja nivae soksi niipeleke barua hii posta. Mke wangu Marlys ni shahidi: sakafu haikusogea. Gogo langu la Jumamosi apewe Duane, ila msimwambie ni mimi niliyesema.