Kamusi ya Mheshimiwa Peke Yake

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, lugha itakuwa safi.

Tangazo hilo niliandika mimi, Katibu wa Kamati ya Kusafisha Maneno, Wizara ya Maneno na Matamshi, na nilipigiwa makofi. Nasimulia yaliyofuata kwa sababu mitaani yanasimuliwa huku watu wakicheka, na jambo la serikali halichekwi bila kibali.

Katika chumba cha mwisho ghorofa ya chini, kando ya choo ambacho kimekuwa kwenye matengenezo tangu mawaziri watatu waliopita, alikaa mtafiti tuliyemwita Bibi Kinasa, maana hakutembea bila kinasasauti. Aliingia wizarani akiwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ikakaa miezi minane chini ya kitambaa kila mkubwa akiogopa kuigusa, yeye ndiye aliyeifunua. Akajifundisha kuiamrisha, kisha akaanza kuilisha maneno. Si ya vitabuni. Alikwenda kwenye foleni za zahanati, vituo vya mabasi, mabomba ya maji, akaomba ruhusa, akarekodi watu wanavyosema, akarudi kuyapiga chapa neno kwa neno. Miaka ishirini na miwili. Aliowafundisha kushika kipanya walipandishwa vyeo, mmoja wao mimi. Yeye alichopandishiwa ni meza, kwa matofali manne, siku choo kilipofurika.

Kazi hiyo yote ilikuwa ya kutunga kamusi. Alisema neno ni kama mpangaji: ukitaka kumjua usimuulize yeye, uliza majirani. Basi mashine yake ililichukua neno, ikaliweka katikati ya ukurasa, ikaonyesha yaliyokaa kushoto na kulia kwake kila mara lilipotamkwa. Maana ikatoka hapo. Chini ya maana zikafuata sentensi za watu waliolitamka neno hilo, kila moja na tarehe na mahali. Hiyo ndiyo kanuni ya watunga kamusi, hakuna mfano bila tarehe na mahali. Mimi nilidhani ni urembo.

Siku moja Mheshimiwa Waziri aliingia chumbani mle akitafuta choo, akaomba aonyeshwe mashine. Bibi Kinasa akamwambia ataje neno lolote. Kwa unyenyekevu wake akataja "waziri". Skrini ikajaa. Akasoma mistari mitatu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mistari ilikuwa ile ile.

"Hawa ni akina nani?"

"Wananchi, Mheshimiwa."

"Wote hawa?"

"Hao ni wa kituo cha mabasi tu. Wa zahanati wanaanzia ukurasa wa saba."

Kesho yake kamati ikaundwa. Tulikaa siku nne na tukabaini kitaalamu kwamba lugha inachafuliwa na wasemaji. Tukaazimia sentensi zote za wananchi zifutwe ifikapo Ijumaa, na badala yake mashine ilishwe hotuba za Mheshimiwa, zote, tangu akiwa diwani, miaka kumi na tisa. Atakayekutwa na maneno yaliyofutwa, kifungo miaka mitatu. Atakayeificha, kuichana au kuipinga Kamusi mpya, vilevile. Bibi Kinasa apumzishwe kwa heshima. Mheshimiwa akatia sahihi kila ukurasa.

Bibi Kinasa alikuja ofisini kwangu Alhamisi. Sikumwambia akae, akakaa.

"Mwanangu, kazi chukueni. Lakini mle ndani yumo mama yangu."

Alinieleza. Sentensi namba moja ya hazina nzima ni ya marehemu mama yake, aliyekuwa akiwafulia watu nguo. Hakuwahi kupigwa picha. Kilichobaki duniani cha mdomo wake ni hicho tu, alichosema jioni moja akijinyoosha kitandani, ndoo zikiwa zimepangwa mlangoni: "Maji yakija mniamshe, hata kama nimeshakufa."

Nilimfariji. Nilimweleza kwamba wizara haina ubaya na marehemu, ila fomu ya kuomba kubakizwa hujazwa na mhusika mwenyewe. Aliuliza jambo moja tu, kama kanuni ya tarehe na mahali itabaki. Nikampigia Mheshimiwa palepale. Akasema ibaki, tena iandikwe kwa wino mzito, ili watoto wajue hekima ilitamkwa siku gani na wapi. Ijumaa nikatoa cheti cha ufutaji, mihuri sita.

Hotuba zikapigwa chapa, mashine ikafanya kazi yake, Kamusi ikagawiwa bure kwa kila shule, ofisi na baraza la mtaa. Tulikula kuku siku ya uzinduzi. Wiki ya tatu mwalimu mkuu mmoja alinipigia simu kutupongeza, kisha akaniomba, kwa upole sana, nisome ukurasa wa mia mbili na kumi.

Maji: kitu kitakachokuja mwakani.

Chini yake, mifano kumi na tisa. "Ndugu zangu, maji yatafika hapa mwakani." Tarehe, mahali. "Mwakani mtaoga mpaka mchoke maji." Tarehe ya mwaka uliofuata, mahali palepale. Mashine haikukosea. Katika miaka kumi na tisa haikuwahi kuliona neno maji kinywani mwa Mheshimiwa bila jirani yake huyo. Nikafungua daraja: kitu kinachowekewa jiwe la msingi. Daraja lilikuwa moja, mawe matano. Zahanati: jengo ambalo dawa zake ziko njiani.

Watoto wakapewa mazoezi. Bombani wanawake wakawa wanasomeana foleni ikisubiri. Na Mheshimiwa alipokwenda kuhutubia, akainua mkono na kusema, "Ndugu wananchi, maji...", muuza nyanya mmoja mstari wa mbele alilamba kidole, akafunua ukurasa, akaimalizia sentensi yote kwa sauti, na tarehe zake kumi na tisa. Mheshimiwa akahamia kwenye daraja. Hapo umati wote ukaitikia. Nimehudhuria mikutano mingi, sijawahi kuona wananchi wakishirikishwa kiasi kile.

Ndani ya gari aliniamuru niikusanye Kamusi yote. Nikamkumbusha adhabu ya kuificha, na sahihi ni ya nani. Akapandisha kioo cha dirisha, akasema maneno ya watu yarudishwe, yarudishwe mengi, ya kwake yazame humo yasionekane. Nilithubutu kusema kwamba wale watu wanamtukana.

"Tusi la mtu nitalikana, Katibu. Maneno yangu mwenyewe nitayakanaje?"

Tulimkuta Bibi Kinasa kwa dada yake, fundi cherehani, akishona vifungo. Mheshimiwa alikalia kigoda. Kwa mara ya kwanza alimwita mama. Akamuuliza kama kwa bahati hakubakiza nakala.

"Yalifutwa. Cheti mnacho, mihuri sita."

"Mama, tuseme ukweli."

"Ukweli una miaka mitatu, Mheshimiwa. Nina goti bovu, jela sitaiweza."

Basi sheria ikafutwa palepale, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Bibi Kinasa hakuinua macho kwenye kifungo chake. Akasema bado: yarudi yote, isipungue hata sentensi moja, kuanzia namba moja. Nikaandika, Mheshimiwa akatia sahihi. Nikatafuta muhuri, nikakuta nimeuacha ofisini, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu jambo likapita bila muhuri. Ndipo dada mtu alipoondoa mguu kwenye pedali, akavuta droo ya cherehani, na katikati ya visokoto vya uzi akatoa flashi isiyozidi kidole.

Tuliichomeka kwenye kompyuta yangu ya mkononi, niliyoichukua garini. Ikafunguka, na Bibi Kinasa akasoma mstari wa kwanza kimya, midomo ikimchezacheza. Hakuna aliyemharakisha. Mheshimiwa alipoona amefuta macho, akasogeza kigoda.

"Mama, zinazonitaja mimi ni ngapi humo?"

"Elfu nne na mia mbili."

"Za kunisifu?"

Alipiga vitufe. Mashine ikafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuiona ikifikiri. Dada mtu, aliyekuwa amerudi kushona, akasimamisha cherehani.

"Moja."

Uso wa Mheshimiwa ukang'aa kama sufuria jipya. Akanitazama mimi, akamtazama fundi, akasema isomwe, isomwe kwa sauti.

Bibi Kinasa akavaa miwani. "'Waziri wetu akilala, na sisi tunapumzika.' Mwanamume, kituo cha mabasi, Jumanne."

Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeeleweka hatimaye, akaniagiza iwekwe kwenye jalada la Kamusi.

Toleo la pili limeshatoka. Herufi ni za dhahabu.