Siku Niliyowapikia Wakwe Supu ya Kwao

Jamani, nimeaibika leo, tena mbele ya wakwe. Bado niko jikoni hapa Bowie, huku ughaibuni, nimekaa kwenye kigoda, nawaandikia ili nipumue.

Mnajua mwanangu Idi anataka kumwoa Linh, yule msichana wa Kivietnamu aliyesoma naye chuoni College Park. Leo mama yake Linh alikuwa anakuja kwetu mara ya kwanza. Ni mjane, na Linh ndiye mtoto wake pekee. Idi alishanidokeza kinachomnyima mama huyo usingizi: eti binti yake akiolewa kwetu atasahau chakula cha kwao. Nikasema hilo dogo. Nitampikia cha kwao!

Mwezi mzima familia yangu imekula bun bo kila Jumapili. Ni supu ya ng'ombe yenye mchaichai na pilipili, inamwagwa juu ya tambi nyeupe za mchele. Mume wangu alifika mahali akawa anaomba mwenyewe zamu za Jumapili. (Na leo yuko kazini. Sasa namwelewa.) Idi alinisihi, "Mama, please, pilau inatosha. They love pilau." Nikamwambia pilau hata jirani anapika.

Mifupa ilichemka tangu alfajiri. Alasiri nikachemsha tambi, nikaziacha kwenye maji baridi zisigandane, nikaenda kuswali na kuvaa. Nyumbani yupo mama mkwe wangu, amekuja kututembelea kutoka Tanga. Tangu asubuhi alikuwa anaomba kusaidia, na mimi nikamjibu, "Mama, wewe pumzika tu. Chakula hiki hukijui." (Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mwenyewe. Yawekeni akilini.)

Nilipotoka chumbani nikakuta tambi zimeshahamishiwa kwenye hotpoti, zimefunikwa vizuri. Nikamshukuru Mama moyoni.

Wageni wakafika. Linh akatoa shikamoo yake safi, mama yake akainamisha kichwa. Nikawakaribisha mezani, nikavua miwani kwa sababu ya mvuke (na kwa sababu bila miwani naonekana mdogo). Nikapakua tambi huku namtazama mgeni usoni, namsalimia kwa Kivietnamu nilichojifunza kwenye simu. Nyama juu. Majani juu. Halafu supu, nikaimwaga kwa madaha kama wapishi wa kwenye video. Mama mkwe akanikonyeza. Nikadhani ananisifia, na mimi nikamkonyeza.

Mama Linh akachukua vijiti, akavuta tambi. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Kisha akainua kitu kidogo cheusi kwa ncha za vijiti, akakitazama, akamnong'oneza bintiye.

"Anauliza kama hii ni zabibu," Linh akatafsiri taratibu.

Mimi bila miwani sioni kitu. Na sikutaka kuonekana sijui nilichopika. Nikajigonga kifua. "Yes! Vyote nimepika kwa mkono wangu!"

Ndipo nikaonja.

Sukari! Tui zito la nazi! Iliki! Na juu yake mafuta ya mifupa na pilipili ya kutoa machozi. Idi akaweka vijiti chini, akashika kichwa.

"Mama," nikamgeukia mama mkwe, "umefanya nini?"

"Si nakukonyeza tangu saa ile! Nimezikuta umezisahau kwenye maji, mwanangu, hazina sukari, hazina nazi. Nikasema nikusitiri. Wakwe waje wakute tambi chapwa?"

Hapo ndipo akili ikanirudia. Kwetu tambi ni za nazi, sukari na zabibu, na mgeni wa heshima hupikiwa hizo. Mama hajawahi kuona tambi za supu maishani mwake. Na mimi sikumweleza chochote, maana "hukijui".

Mama Linh sasa anaongea na bintiye. Maneno mengi, bila tabasamu. Niliogopa, jamani, siwafichi. Nilimwona Idi wangu anakosa mke kwa ajili ya zabibu, na aliyemkosesha ni mama yake mzazi.

Linh akamsikiliza mpaka mwisho, akaniangalia kwa huruma. "Auntie, Mama anauliza kama zimebaki tambi ambazo hazijamwagiwa supu yako."

Zilikuwepo. Mama Linh alikula sahani mbili! Akasema marehemu mama yake alikuwa akimpikia vitu vitamu vya nazi alipokuwa mdogo, na tangu ahamie huku hajapikiwa na mtu. Akahamia kiti cha kando ya mama mkwe wangu. Mmoja anaongea Kivietnamu, mwingine Kiswahili cha Tanga, wameshikana mikono, na wanaelewana kuliko mimi na video zangu zote. Nikaenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikamwomba Mama radhi.

Jumapili ijayo tumealikwa kwao kuzungumza habari za posa. Supu atapika mama Linh. Tambi atapika mama mkwe. Mimi nimeombwa nilete matunda. ("Usiyapike," Idi akasisitiza.)

Naomba msinicheke. Supu bado imejaa sufuria nzima, na atakayecheka namletea bakuli mpaka mlangoni kwake.