Ua Ulionyolewa Upande Mmoja

Kwa Dada Mkubwa, Mshonaji,
Nyumba ya Ng'ambo ya Ua.

Dada Mpendwa na Jirani Mheshimiwa,

Shikamoo. Shikamoo hiyo ni ya adabu tu, isihesabiwe kuwa ni msamaha.

YAH: UA WETU KUNYOLEWA UPANDE WANGU NA KUACHIWA NYWELE UPANDE WAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mdogo wako wa tumbo moja, kinyozi mashuhuri, mtu aliyetembea miji ambayo wewe unaisikia redioni tu, nimeamua kuandika kwa sababu mdomo wangu na sikio lako havijakutana tangu harusi ya mtoto wa mjomba. Sababu unaijua. Nilikuwa nawasimulia wakwe jinsi nilivyomnyoa balozi, wewe ukadakia mbele ya kadamnasi kwamba hakuwa balozi, alikuwa dereva wake. Wakwe walicheka mpaka soda zikawatoka puani.

Tangu siku ile nikauacha ua wa miti aliotupandia baba ukue utakavyo. Na wewe ukauacha. Nao ukatutii: ukanenepa, ukapanda mpaka kwenye madirisha, majani yakashikamana kama zulia. Tukaishi kwa amani, kila mtu na hasira zake. Sasa umemleta mtunza bustani na msumeno wake, bila hata kunitumia mtoto wa kunipa taarifa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Upande wangu umekatwa mpaka kwenye gogo. Hakuna jani hata la dawa. Vimebaki vishina vya kahawia vilivyonitolea macho kama watu waliofumaniwa bafuni. Upande wako majani yote yapo. Nilipomuuliza yule bwana hii ni staili gani, akanijibu bila hata kunitazama kwamba ua mzee haukatwi pande zote kwa mpigo, utakufa. Mwaka huu upande mmoja, mwakani wa pili. Nikamweleza kitaalamu kwamba kichwa kinanyolewa chote au kinaachwa chote. Akasema, "Wewe baki na vichwa, bwana. Ukikosea, mtu anavaa kofia. Mti una kofia?" Wateja wangu wawili waliisikia dharau hiyo, na mmoja akaipigia makofi.

2. Biashara yangu inaharibika. Unajua kiti changu cha kunyolea kiko barazani, kioo mbele, ua nyuma. Zamani mteja alijiona kwenye kioo akiwa na kijani kizuri nyuma yake, kama picha ya studio. Sasa anaona vile vishina. Juzi fundi viatu, mteja wangu wa siku zote, alitazama kioo, akatazama mkasi wangu, akauliza, "Ule pale nao umeunyoa wewe?" Kabla sijajibu, ameshatoka mbio na shuka langu shingoni. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hawakusema ukimbie na shuka la watu.

3. Kuku wangu alikuwa anataga humo. Sasa hana pa kujisitiri, anatagia kwenye kiti cha wateja. Huyu ni kuku mwenye heshima zake, Dada. Kila nikimwinua ananitazama kama vile mimi ndiye niliyeshika msumeno.

4. Hili nimelisahau, lakini lilikuwa kubwa.

5. Ua ule ulikuwa unameza sauti. Sasa nasikia kila kitu. Nasikia cherehani yako tangu asubuhi. Ikinyamaza, na mimi mkasi unanyamaza, nabaki nimesimama na kichwa cha mtu mkononi, najiuliza uzi umekatika au wewe umeanguka. Ikianza tena ndipo naendelea. Kichwa kimoja sasa kinanichukua muda wa vichwa vitatu. Nasikia na kikohozi chako, ambacho hakijapona, na usinidanganye kwamba ni vumbi la vitambaa. Jumamosi nilisikia umecheka. Ulicheka peke yako. Nataka kujua ulicheka nini, kwa sababu sikulala vizuri.

6. Na wewe pia unasikia! Jana nilikuwa namsimulia mteja mgeni habari za balozi. Nimefika pale anaponishika bega na kunisifu, sauti ikatoka ng'ambo ya ua, kubwa kama ya mwadhini: "DEREVA!" Mteja alitikisika kwa kicheko, wembe ukaenda ulikotaka, sasa ana nyusi moja. Kwa kumbukumbu rasmi, hilo ndilo neno la kwanza uliloniambia tangu ile harusi. Neno moja, na lenyewe hilo!

Kwa hiyo, kwa heshima zote, nadai yafuatayo. Kwanza, kwa kuwa wewe ni mshonaji, uushonee ua vazi refu, lenye bitana, lifunike upande wangu mpaka majani yaote. Vipimo nitachukua mwenyewe, kiuno hauna. Pili, upande wako usikatwe mwakani, wala mwaka wa kesho kutwa, wala milele. Fikiri kwa akili zako zote, Dada. Upande wako ukikatwa, tutaonana. Tukionana, itabidi tusalimiane, maana tumelelewa. Tukisalimiana, utaniuliza nimekula nini, nitashindwa kudanganya, utanipakulia. Nikishiba nitacheka, wewe unajua nikishiba nilivyo. Sasa huo ugomvi wetu, tulioutunza kwa miaka yote hii, utakwenda kukaa wapi? Upangishiwe chumba?

Naomba majibu kwa maandishi. Usipige kelele tu kutoka huko.

Nisalimie shemeji, nisalimie wanao wote pamoja na yule anayenipungia mkono kisiri, nisalimie mjomba akipita. Mtunza bustani msalimie pia, ila usimpe mkono.

Wako katika msimamo usiotikisika,

Mdogo wako, Kinyozi wa Mabalozi.

Tanbihi: Leo asubuhi nimeona vichipukizi kwenye vile vishina, vidogo, kijani kabisa, kama ncha za sindano. Nimeita mtu aje aone, hakuna aliyejali. Basi nikaona mwakani ni mbali. Karibu na bomba la maji kulikuwa na tawi kavu upande wako. Nimelikata kwa mkasi wangu wa kazi, na mengine manne ambayo, kusema kweli, hayakuwa makavu. Sasa kuna tundu linalomtosha mtu wa umbo lako akipita kiubavu. Mtunza bustani akiuliza, mwambie ni mbuzi. Dawa ya kikohozi iko hapa mezani, na chai iko jikoni. Tawi moja nimeliacha likatize katikati, ili msimamo wangu uonekane. Inama tu, upite.