Masharti ya Uzamifu, kama Alivyoyafafanua Mheshimiwa Mbaluka

(Hotuba iliyotolewa kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba za Mbotela, siku ya Jumanne. Ilitangazwa kuanza saa mbili asubuhi, ikaanza saa tano kasorobo.)

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye ametuma udhuru, Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye yuko njiani, wajumbe wa Kamati ya Uratibu, Usimamizi na Ufuatiliaji wa Maendeleo ya Mtaa, ambayo mimi ndiye mwenyekiti wake, katibu wake na msemaji wake, mashehe wetu waliotembea kutoka Majengo, wachungaji wetu, wazee mliostaafu reli na wazee mliostaafu kaunsili, akina mama wa genge, vijana mlioegemea ukuta ule, ambao nawaona, wadau wote, itifaki ikiwa imezingatiwa yote kwa ujumla wake, hamjambo? (Wachache: Hatujambo.) Nimesema, hamjambo? (Sauti kutoka ukutani: Jua ni kali, mkubwa, enda kwa pointi.) Asanteni kwa makaribisho hayo mazuri.

Ajenda ya leo ni moja. Hapa mbele ameketi binti yetu Apondi, mtoto wa marehemu Tobias wa reli na wa Mama Apondi anayeuza mboga za sukuma pale kwenye kona. (Makofi marefu.) Hayo makofi mngeyagawanya, kwa maana hotuba bado ni ndefu. Binti huyu, kwa miaka saba, amekuwa akisomea shahada ya uzamifu katika sayansi ya siasa, yaani udaktari, ila si ule wa sindano, na amekuja ofisini kwangu mara kumi na moja akiomba barua moja tu yenye sahihi yangu na muhuri, ili aruhusiwe kuwahoji nyinyi kuhusu mradi wetu mkubwa, mradi wa kihistoria, wa Maktaba na Kitovu cha Maarifa ya Wananchi wa Mashinani. Anadai kwamba asipoifikisha data chuoni ifikapo Ijumaa hii, jina lake litafutwa kwenye orodha, na miaka saba itakuwa imekwenda na maji. (Mama Apondi anatazama chini.) Mama, usitazame chini. Utaratibu ni utaratibu, na mara zile kumi nilikuwa kwenye mikutano.

Sasa, kwa faida ya wananchi ambao hawajabahatika kuisoma karatasi aliyoniletea, nitaeleza mtu hutakiwa kutimiza masharti gani ndipo aitwe daktari wa siasa, nanyi mtajipimia wenyewe. Kwanza, awe na shahada ya uzamili. Apondi anayo, mgala muue na haki yake mpe, lakini na mimi ninacho cheti cha semina ya siku tatu kule Naivasha, tena nimekitia fremu. Pili, akae darasani akifundishwa nadharia za siasa, ambazo sisi wa uwanjani tumezitekeleza miaka ishirini bila kufundishwa na mtu. Tatu, afanye mtihani wa jumla wa kila alichosoma, nami nauliza, ni mtihani gani wa jumla unaoshinda uchaguzi? (Sauti: Na ulianguka!) Nilianguka, ndiyo, na ndiyo sababu nikateuliwa. Halafu anatakiwa apitie maandishi ya waliomtangulia, kazi ambayo mimi niliimaliza wiki ya kwanza ofisini, nikapitia faili zote za mwenyekiti aliyenitangulia na sikuona la kujifunza. Anatakiwa pia achapishe makala mawili kwenye majarida ya wataalamu. Mimi nimechapisha kalenda mbili, za rangi, na hakuna nyumba hapa isiyokuwa na uso wangu. (Mwanamke mmoja: Mimi nafunikia maziwa.) Hata kufunikia maziwa ni huduma kwa mwananchi. Na mwisho kabisa, asimame mbele ya maprofesa watano aitetee tasnifu yake kwa saa mbili wakimuuliza hiki na kile, na hapo nawakumbusha kwamba mimi nimesimama pale Makadara mbele ya hakimu mara tatu, na mara zote tatu shahidi hakufika. (Kicheko.) Kwa hivyo kwa kipimo chochote cha haki, anayestahili kuitwa daktari hapa anajulikana, ila mimi sipendi makuu.

Lakini kuna lile sharti lililomkwamisha binti yetu, nalo linaitwa sampuli. Maprofesa wake wamepiga hesabu zao huko na kusema ni lazima awahoji wakazi mia tatu themanini na wanne, si mmoja pungufu, kila mmoja na hojaji yake ya maswali ishirini na sita. Nikajiuliza, ndugu zangu, je, ni utu kuwatoa watu wote hao kazini, waache genge, waache maduka, waulizwe kama wameridhika, ilhali mimi ndiye ninayejua kama wameridhika? Sikulala. Apondi alipoacha zile karatasi ofisini nizikague, niliziangalia, nikaona ni kazi ya uzalendo, nikazijaza. Zote. Nilitumia kalamu tatu, ya bluu, nyeusi na kijani, ili demokrasia ionekane. Na matokeo ya risachi hiyo ni kwamba asilimia tisini na tisa nukta nane ya wakazi wameridhika mno na maktaba, na ile nukta mbili iliyobaki imeridhika kiasi, maana metodolojia haipendi mia kwa mia.

(Mzee Zubeiri mwenye duka anasimama: Mwenyekiti, mimi niliulizwa lini?) Mzee Zubeiri, shikamoo, wewe ni hojaji nambari mia mbili na kumi na mbili. Uliulizwa, ukajibu vizuri sana, unaazima vitabu vitatu kila wiki, na kwenye nafasi ya maoni ya ziada ukamwombea mwenyekiti umri mrefu. (Kicheko kikubwa. Mzee Zubeiri: Njia ya mwongo ni fupi.) Methali pia tutazihifadhi kwenye maktaba.

Basi natangaza rasmi, mbele ya kadamnasi hii. Barua ya Apondi ni hii hapa, imechapwa, imekunjwa. Muhuri ni huu, na wino ninao. Nitagonga sasa hivi, kwa sharti moja jepesi, kwamba azipokee hizi hojaji kama zilivyo na kuzipeleka chuoni kama zilivyo, aandike tasnifu yake, atuletee udaktari nyumbani tuchinje mbuzi. Binti, njoo. Mchumia juani hulia kivulini, na kivuli ni hiki hapa. (Apondi anasimama lakini hasogei. Anasema: Hizo siwezi kuzipeleka, Mheshimiwa. Hakuna mtu hata mmoja aliyeulizwa.) Mnamsikia? Miaka saba, na anaitupa kwa sababu ya wino. Mama Apondi, zungumza na mtoto wako. (Mama Apondi: Mtoto amesema.) Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama, na hilo guu ni la Ijumaa.

(Apondi: Hata nikizichukua hazitasaidia. Alhamisi msimamizi wangu anakuja na profesa mwingine kuiona hiyo maktaba na kuhesabu vitabu. Nitawapeleka wapi?)

(Mheshimiwa anaurudisha muhuri mezani.)

Alhamisi hii? (Apondi: Alhamisi hii, saa tatu.) Kuhesabu? (Apondi: Kuhesabu, na kupiga picha.) Ndugu zangu wananchi, uongozi ni kuamua, na uongozi bora ni kuamua haraka, kwa hivyo kufuatia mashauriano ya kina ambayo nimeyafanya na mimi mwenyewe hapa jukwaani, na kwa kuzingatia hali ya usalama, hali ya hewa na heshima ya maprofesa wetu ambao hawafai kusumbuliwa kuvuka Jogoo Road kwa jambo dogo, ofisi yangu imeona vyema kuiondoa barua ile na kutoa nyingine, ambayo naiandika sasa hivi kwa mkono wangu, na nitaisoma kwa sauti ninapoiandika, ili uwazi uwepo. Nipeni nafasi. (Anaandika kwenye meza.) Kwa yeyote anayehusika. Ofisi hii inathibitisha kwamba katika mtaa huu hakuna maktaba, hapajawahi kuwa na maktaba, hapana msingi uliochimbwa wala kiwanja kilichotengwa, na kwamba picha za ufunguzi zilizosambazwa mwaka jana zilipigwa mahali pengine. Kwa hivyo ziara ya Alhamisi isifanyike, kwani hakuna cha kuhesabu. Wako mtiifu, E. M. Mbaluka, Mwenyekiti. (Muhuri unagongwa. Kisha unagongwa tena.) Mara mbili, wasije wakasema ni ya kughushi.

(Apondi anakuja mbele. Anaipokea barua kwa mikono miwili, anaisoma mpaka mwisho, anaiweka kwenye bahasha na bahasha kwenye mkoba. Mama Apondi anapiga kigelegele, akina mama wa genge wanakipokea, na uwanja mzima unasimama.)

Asanteni! Asanteni, ketini basi! Mmeona wenyewe, maprofesa wawili nimewarudisha chuoni bila kuwaona hata sura, na kama hiyo si sayansi ya siasa, basi sijui siasa ni nini. Tupige kauli mbiu kabla hamjatawanyika. Nikisema ushirikishwaji, mseme oyee! Ushirikishwaji! (Vijana wa ukutani: Hakuna!) Maarifa mashinani! (Wote: Hakuna!) Maktaba ya wananchi! (Wote, kwa furaha kubwa: Hakuna!) Huo ndio umoja ninaoutaka. Nawashukuru nyote mlioiunga mkono maktaba hii kwa miaka minne, nawashukuru mafundi ambao hawakupata nafasi ya kuja, nawashukuru majirani wa kiwanja, popote kitakapokuwa, na kwa namna ya pekee namshukuru binti yetu kwa kutuuliza ilipo, maana nyinyi wengine hamkuwahi kuuliza. Apondi! Usiende kwanza. Huko kwenye kitabu chako najua kuna ukurasa wa shukrani, na sitakulazimisha, lakini jina langu ukiliweka hapo nitafurahi.

(Apondi, akiwa ameshamshika mamake mkono: Hapana, Mheshimiwa. Wewe utaingia kwenye matokeo ya utafiti, pamoja na barua yako, nayo ndiyo data nitakayoifikisha chuoni Ijumaa.)

Mmesikia, wananchi? Kwenye matokeo kabisa, na barua yangu ndani. Asanteni sana kwa kunisikiliza.