Komeo Lililogoma

Jumanne, 2 Septemba
Risasi hamsini! Zote nimezitengeneza kwa mkono wangu, mezani jikoni, chini ya ile mashine ya ukutani inayopuliza joto, maana vidole vyangu havipendi baridi. Baruti nimeipima punje kwa punje kwenye mizani ya marehemu baba. Jumamosi ni mtihani wa shabaha. Nikishindwa, siendi kuwinda elki, yule mnyama mkubwa wa pembe pana, na kituo cha baba cha kuvizia pale kinamasini, nilichokilinda miaka ishirini na miwili, anapewa jirani Oddgeir. Oddgeir hununua risasi dukani. Maskini!

Alhamisi, 4 Septemba
Uwanjani, mazoezi. Risasi ya kwanza, katikati kabisa! Bwana asifiwe. Komeo la bunduki likagoma kufunguka. Nikavuta. Nikaomba. Nikaligonga kwa kipande cha kuni. Ganda la risasi likatoka shingo upande, kitako chake kimekuwa bapa. Oddgeir, soseji mdomoni, akauliza, "Torleiv bwana, unapiga shabaha au unavunja zizi?" Eti komeo zito na kitako bapa ni dalili ya baruti kuzidi. Eti nisipige hata moja tena. Wivu mtupu! Kinachogoma hulainishwa. Dawa ninayo.

Ijumaa, 5 Septemba
Mafuta ya kondoo! Risasi nimezipaka zote, zinang'aa kama watoto waliotoka kubatizwa. Mke wangu Gunnvor akauliza mafuta ya kupikia kabichi yako wapi. Nikamjibu yamepata wito wa juu zaidi. Akampigia simu Oddgeir. Mke wangu wa ndoa!

Oddgeir akaja, akavua viatu mlangoni, akazitazama, akashika kichwa. Akasema ganda lazima lishike ukuta wa ndani wa bunduki. Likiteleza, kishindo chote hulirudia komeo, na nyuma ya komeo kuna jicho langu. Akafungua risasi moja, akapima baruti yake kwa mizani yake ndogo aliyokuja nayo. Imezidi! Nikasema mizani ya baba haijawahi kusema uongo. Akainua macho ukutani, akaizima ile mashine. Mkono wa mizani ukasogea wenyewe. Kumbe upepo wake ulikuwa unadunda mezani na kuinua sahani ya baruti, nami naongeza baruti tu. Gunnvor alicheka hadi akakaa sakafuni.

Tumezifungua zote, tumefuta mafuta, tumepima baruti upya kwa kufuata kitabu cha vipimo.

Jumamosi, 6 Septemba
Tano kwa tano! Komeo laini kama droo ya kanisani. Kituo ni changu! Oddgeir akanipa mkono, akasema, "Hongera, mzee. Kinamasi chako hicho. Usilipuke tu." Machozi yalinilengalenga. Moshi, nadhani.

Jumapili, 7 Septemba
Katika nyumba ya sala nilisimama nikashuhudia jinsi Bwana alivyonifunulia siri ya upepo. Kwenye benchi la nyuma Oddgeir alikohoa sana. Mafua, maskini.

Jumatatu, 8 Septemba
Jirani mwema hulipwa wema. Namtengenezea Oddgeir risasi za msimu mzima, zawadi, bila yeye kujua! Mashine ya joto nimeizima. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Ila jikoni kunanuka kabichi, kwa hiyo nimefungua madirisha yote mawili. Hewa safi ya mlimani inapita hadi mezani. Mizani ya baba inacheza kwa furaha!